Akiba ya Joto: Injini ya Ndege Kati ya Dar es Salaam na Songwe

Injini ya ndege huchakazwa na joto kuliko inavyochakazwa na umri. Kompresa huvuta hewa na kuibana, mafuta hunyunyizwa ndani ya chumba cha mwako, na gesi inayotoka humo ikiwaka husukuma mapanga ya turbini. Katika injini kubwa za kisasa gesi hiyo hufika kwenye safu ya kwanza ya mapanga ikiwa na joto linalotosha kuiyeyusha aloi ya nikeli yaliyotengenezwa kwayo. Mapanga hayo yanasalimika kwa sababu hewa yenye ubaridi kiasi hupitishwa ndani yake na kutokea kwenye vitundu vidogo, na kwa sababu yamepakwa tabaka jembamba la kauri. Kitundu kikiziba au kauri ikibanduka, panga huanza kuliwa. Safu hiyo, pamoja na chumba cha mwako kinachoitangulia, ndiyo sehemu ghali kuliko zote katika injini. Injini nayo, kwa mashirika mengi ya ndege, hula kati ya theluthi moja na nusu ya fedha zote za matengenezo.

Kusimamia utendaji wa injini, basi, ni kazi ya kuamua joto litumike lini na kwa kiasi gani. Kwa wakazi wa Tunduma, Vwawa na Mbozi kazi hiyo inafanyika karibu nao, kwenye Uwanja wa Ndege wa Songwe, chini ya kilomita mia moja kutoka mpakani kwa barabara ya TANZAM. Jina huwachanganya wageni: uwanja umo katika Mkoa wa Mbeya, wakati Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, miaka mitatu hivi baada ya ndege kuanza kutua hapo Desemba 2012. Hata hivyo abiria wa mkoa huo, wafanyabiashara wa mpakani wakiwamo, huutumia kama uwanja wao.

Uwanja uko mita 1,345 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu ya angahewa sanifu, mgandamizo wa hewa katika mwinuko huo ni takriban hektopaskali 862, wakati pwani ni 1,013. Mchana wa nyuzijoto 28, mita moja ya ujazo ya hewa ya Songwe ina uzito wa kilo 1 kasoro kidogo; ile ya Dar es Salaam kwenye nyuzijoto 30 ina karibu kilo 1.16. Injini inayopaa Songwe inapata hewa pungufu kwa takriban asilimia 14, na mabawa nayo yanapungukiwa vivyo hivyo, kwa hiyo ndege inalazimika kukimbia kasi zaidi kabla ya kunyanyuka. Kwa mahesabu ya rubani, mchana wa namna hiyo ni sawa na kupaa kutoka uwanja ulioko mita 2,150. Ili kupata msukumo uleule kwa hewa hiyo nyepesi, injini inabidi izunguke kasi zaidi na iwake kwa joto kubwa zaidi.

Kipimo kinachofuatiliwa ni joto la gesi ya ekzosi. Mtengenezaji huweka kikomo kisichoruhusiwa kuvukwa, na tofauti kati ya kikomo hicho na joto ambalo injini ingelifikia ikipaa kwa nguvu zote siku ya joto ndiyo akiba ya joto. Injini mpya ina akiba kubwa. Katika miruko elfu moja au mbili ya mwanzo akiba hiyo hupungua haraka, kwa sababu ncha za mapanga husuguana na kuta na kuacha nafasi ambayo hewa hupenya bila kufanya kazi. Baada ya hapo hushuka polepole. Ikifika sifuri, injini haijafa. Inaweza hata kuendelea kufanya kazi vizuri kwenye uwanja wa pwani wakati wa baridi. Lakini uwanja wa juu kama Songwe mchana itaushindwa, na hapo ndipo inaposhushwa kutoka kwenye bawa na kupelekwa karakana kufumuliwa.

Njia kubwa kuliko zote ya kulinda akiba hiyo haina gharama yoyote ya vipuri: ni kutotumia nguvu zote pale zisipohitajika. Rubani huiambia kompyuta ya ndege kwamba nje kuna joto kali kuliko lililopo, nayo hupanga msukumo mdogo unaolingana na joto hilo la kudhaniwa. Taratibu zinazokubalika kimataifa huruhusu msukumo upunguzwe kwa njia hiyo kwa kiasi kisichozidi robo ya kiwango kamili, kwa sharti kwamba ndege iweze kuendelea kupaa salama hata injini moja ikizimika wakati mbaya kabisa. Faida yake haiendi sawa na punguzo, kwani asilimia chache za mwanzo ndizo huokoa uhai mwingi wa turbini. Kileleni mwa joto kila nyuzi huumiza kuliko iliyoitangulia.

Njia ya kurukia ya Songwe ina urefu wa mita 3,330, na urefu huo ndio unaofanya jambo hili liwezekane licha ya hewa nyepesi. Uwanja wa zamani wa Mbeya, uliokuwa juu zaidi na wenye njia fupi, haukuwa na nafasi hiyo. Songwe bado kuna mipaka. Safu ya milima ya Mbeya, ambayo kilele chake kinapita mita 2,800, haiko mbali, na ndege iliyobaki na injini moja lazima iweze kuikwepa. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, maji yakituama kwenye lami njia ya kupunguza nguvu kwa joto la kudhaniwa hairuhusiwi. Mashirika pia hutakiwa kupaa kwa nguvu kamili mara mojamoja, ili kuthibitisha kwamba injini bado inaweza kuzitoa.

Saa ya safari nayo ina uzito. Katika injini nyingi za jeti, kila nyuzi moja ya joto la hewa inayoongezeka huinua joto la ekzosi kwa nyuzi tatu na zaidi kidogo, msukumo ukiwa uleule. Asubuhi ya nyuzijoto 14 na mchana wa nyuzijoto 28 hutofautiana kwa zaidi ya nyuzi 40 ndani ya turbini. Kwa injini iliyochoka, hiyo inaweza kuwa akiba yote iliyobaki. Mpangaji ratiba angependa basi kuipeleka ndege Songwe alfajiri. Bahati mbaya bonde hilo hupata ukungu wa asubuhi, na kwa miaka mingi uwanja haukuwa na taa za kuongozea ndege, hivyo ndege iliyokuta ukungu ilizunguka angani au ikarudi ilikotoka. Safari iliyorudi bila kushusha abiria imeila injini kama safari nyingine yoyote, na nauli haikupatikana. Kuwekwa kwa taa, ambako kwa kawaida huzungumzwa kama suala la huduma kwa abiria, kumeipa injini nayo nafasi ya kufanya kazi saa za ubaridi.

Upande wa pili wa safari hiyo ya kilomita 690 kuna bahari. Chumvi iliyomo kwenye hewa ya Dar es Salaam na Zanzibar hugandana kwenye mapanga ya kompresa na kuyaharibia umbo, kisha sehemu yake hupita hadi kwenye turbini, huungana na salfa na kushambulia nikeli. Ubaya wa salfa ulionekana dunia nzima mwaka 2016, pale mapanga ya turbini ya kati ya injini za Rolls-Royce Trent 1000 yalipokatika kwenye ndege za Boeing 787 za shirika la ANA la Japani. Trent 1000 ndiyo injini inayobeba pia 787 za Air Tanzania, ya kwanza ikiwa imefika nchini Julai 2018.

Dawa ya chumvi ni kuosha. Injini huzungushwa kwa stata bila kuwashwa huku maji safi, au maji yenye sabuni maalumu, yakinyunyizwa mdomoni mwake. Kwa injini ndogo zinazolala pwani, uoshaji wa maji matupu unaweza kuwa wa kila siku. Zinazofika pwani mara mojamoja huoshwa kwa nafasi zaidi. Uoshaji mzuri hurudisha nyuzi kadhaa za akiba ya joto na kupunguza mafuta yanayochomwa. Ni kazi ya maji, pampu na mafundi wawili watatu, na ndiyo ya kwanza kusahauliwa ratiba inapobana.

Vumbi lina tabia nyingine. Chembe ngumu husaga ncha za mapanga ya kompresa. Chembe zenye kalisi na silika hufanya baya zaidi: katika joto la zaidi ya nyuzi 1,200 huyeyuka, hutapakaa juu ya mapanga kama kioo na kuziba vitundu vya kupoozea. Nchi za Ghuba ndiko injini nyingi zilikofundishwa somo hilo kwa gharama kubwa. Bonde la Songwe lina miamba ya chokaa na kiwanda cha saruji, na kuanzia Agosti hadi Oktoba kuna moshi wa mashamba yanayochomwa. Njia ya lami ya uwanja hupunguza tatizo, haliondoi. Kwenye viwanja vya udongo, ambavyo Tanzania inavyo vingi, Cessna Caravan hubeba kifaa cha kuchepusha hewa mdomoni mwa injini. Rubani akikifungua, hewa hulazimika kukata kona kali. Chembe nzito hushindwa kukata kona hiyo na kutupwa nje. Nguvu hupungua kidogo, na wapo marubani wanaoona uvivu kukitumia.

Caravan hiyo, yenye injini ya PT6A-114A ya nguvu ya farasi 675, inafaa kuangaliwa kwa ukaribu kwa sababu makosa yake huonekana waziwazi. Wakati wa kupaa joto la ndani haliruhusiwi kuzidi nyuzi 805. Wakati wa kuwasha linaweza kugusa 1,090, lakini kwa sekunde 2 tu. Mafuta hayapaswi kufunguliwa kabla mzunguko wa injini haujafika asilimia 12, na kinachoizungusha hadi hapo ni betri. Betri ikiwa dhaifu, mzunguko hukwama chini, hewa ya kupooza inakosekana, mafuta yanawaka yakiwa mengi, na kipimo cha joto kinaruka. Sekunde chache za namna hiyo zinaweza kuunguza turbini yote. Betri iliyoahirishwa kununuliwa huishia kuwa bili ya karakana ya nje ya nchi. Dereva wa lori aliyepanga foleni Tunduma akisubiri kuvuka kwenda Nakonde anaweza kuomba asukumwe betri ikilala. Rubani hana nafasi hiyo, na anachopaswa kufanya ni kukata mafuta mara moja na kutafuta umeme wa nje.

Zamani tarehe ya kufumua injini iliamuliwa na saa pekee. PT6A-114A bado ina saa zake za msingi: 3,600 kati ya ufumuaji mmoja na mwingine, na ukaguzi wa sehemu ya moto katikati, kwenye saa 1,800. Msimamo wa kwamba kila kitu huharibika kwa umri ulivunjwa na wahandisi wawili wa United Airlines, Stanley Nowlan na Howard Heap, katika ripoti waliyoiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka 1978. Walionyesha kwamba ni sehemu ndogo tu ya vifaa vya ndege, kama asilimia 11, ambavyo uchakavu wake ulifuata umri. Vingine viliharibika wakati wowote, na kuvifungua mapema bila sababu kuliongeza hitilafu badala ya kuzipunguza, kwa kuwa kila mkono wa fundi unaofungua unaweza pia kufunga vibaya. Tangu hapo injini kubwa hubaki kwenye bawa maadamu hali yake inaruhusu.

Ruhusa hiyo inadai macho. Kila safari, vihisio huandika joto la ekzosi, kasi za mihimili, mafuta yanayotumika, mtikisiko, mgandamizo wa oili. Takwimu hizo hurekebishwa ili kuondoa tofauti za hali ya hewa na mwinuko, kisha huwekwa kwenye grafu. Namba moja ya leo haisemi kitu. Mwelekeo wa wiki kadhaa ndio unaosema. Joto na matumizi ya mafuta vikipanda pamoja taratibu, huenda kompresa imechafuka na inataka kuoshwa. Joto likiruka ghafla huku mengine yakitulia, mara nyingi kilichokufa ni kihisio, na fundi mwenye busara hukibadilisha kabla ya kuishuku injini. Mtikisiko ukibadilika baada ya kutua uwanja fulani, huenda ndege mwenye manyoya au jiwe limepita ndani.

Oili husema mengine. Sumaku ndogo zilizotegwa kwenye njia yake hukamata vumbi la chuma kutoka kwenye beringi na gia, na sampuli yake maabara hutaja ni madini gani yanayomomonyoka. Penye shaka, kamera nyembamba ya mrija huingizwa kupitia tundu maalumu hadi kwenye mapanga. Ufa uliopimwa unaweza kuruhusiwa kuendelea kwa idadi fulani ya miruko kisha kupimwa tena. Jambo hili huwashtua wasio wa fani, ingawa limehesabiwa kwa makini kuliko matengenezo mengi ya ardhini.

Pamoja na hayo yote, kuna vipande visivyosubiri hali. Sahani zinazobeba mapanga zikipasuka haziwezi kuzuiwa na ganda la injini, hivyo zina kikomo cha miruko, kwa kawaida elfu kumi na kitu hadi elfu ishirini na kitu. Kinachohesabiwa ni kupaa na kutua, kwa sababu kupashwa joto na kupoozwa ndiko kunakokikunja na kukikunjua chuma. Safari ya Dar es Salaam hadi Songwe ya saa moja na ushee inakula mruko mmoja sawa na ya Dar es Salaam hadi Mumbai ya saa nyingi. Ndiyo maana safari fupi za ndani huzidisha gharama za injini kwa kila saa, na ndege za pangaboi kama Dash 8-400, ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea Septemba 2016, zilibuniwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Ustadi wa kulea injini hauwezi kufuta kasoro iliyotoka kiwandani, na hili Tanzania ililiona kwa Airbus A220-300. Air Tanzania ilipokea ya kwanza Desemba 2018, ikiwa kampuni ya kwanza Afrika kuitumia, na hadi Oktoba 2021 ilikuwa nazo nne. Injini yake, PW1524G ya Pratt & Whitney, ina gia kati ya feni na turbini ili kila moja izunguke kwa kasi inayoifaa. Matumizi ya mafuta yalishuka sana. Kati ya Julai na Oktoba 2019, injini tatu za aina hiyo za shirika la Swiss ziliharibika angani baada ya safu ya mwanzo ya kompresa kuvunjika. Hatua ya kwanza ya mamlaka ya Kanada haikuwa kubadilisha kipuri: marubani waliamriwa wasizidishe kasi ya feni zaidi ya asilimia 94 wakiwa juu ya futi 29,000. Kusimamia utendaji kulitumika kama kinga huku wahandisi wakitafuta tiba.

Matatizo mengine ya uimara yalifuata, na Novemba 2022 Air Tanzania ilitangaza kwamba ratiba ingevurugika kwa sababu ya injini za A220. Ndege zenye viti 132 ziliegeshwa. Dunia nzima ilikuwa inapanga foleni ya injini za akiba na nafasi za karakana, na mwenye ndege nne hapewi kipaumbele sawa na mwenye mia. Mwaka uliofuata foleni ilirefuka zaidi, RTX, kampuni mama ya mtengenezaji huyo, ilipotangaza kwamba unga wa chuma uliotengenezea baadhi ya sahani za familia hiyo ya injini ulikuwa na uchafu, na kwamba kwa injini ya A320neo kuiondoa, kuikagua na kuirudisha kungeweza kuchukua hadi siku 300. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliripoti hasara ya Sh56.64 bilioni kwa Air Tanzania mwaka 2022/23, na hitilafu za injini za A220 zilitajwa miongoni mwa sababu.

Kwa kundi dogo la ndege, hesabu ya injini ya akiba ni chungu. Injini moja ya jeti ya ukubwa huo hugharimu mamilioni ya dola na inaweza kukaa stoo mwaka mzima. Bila hiyo, injini mbili zikiharibika kwenye ndege mbili tofauti, wahandisi hulazimika kuinyang'anya ndege moja injini yake nzima ili nyingine iruke. Ahueni mojawapo ni kuzipanga injini zisifike ukomo wake pamoja: iliyochoka hufungwa ndege moja na iliyo na akiba kubwa, ndege hiyo hupangiwa viwanja vya pwani, na ile yenye injini zote mbili zenye afya hupewa Songwe au safari ya mbali.

Ahueni nyingine ni mkataba wa malipo kwa saa, ambao Bristol Siddeley ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1962. Shirika hulipa kiasi maalumu kwa kila saa ambayo injini imefanya kazi, na mtengenezaji hubeba mzigo wa ufumuaji. Bajeti hutulia, lakini masharti yanahitaji kusomwa kwa darubini. Bei hupangwa kwa kudhani urefu fulani wa safari, kiwango fulani cha kupunguza nguvu na mazingira fulani. Shirika linalofanya safari fupi zaidi, lenye chumvi na mwinuko zaidi, hulipa nyongeza. Muhimu kuliko bei ni kifungu cha injini ya kuazima: itapatikana baada ya siku ngapi, na nani analipa ndege ikiwa imesimama.

Ujuzi wa ndani hupunguza sehemu ya mzigo huo. Air Tanzania ina karakana ya KIMAFA kwenye Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam kinafundisha wahandisi wa matengenezo ya ndege. Kufumua kiini cha injini ya jeti kunahitaji mitambo ya majaribio na idhini ambazo ni karakana chache duniani zinazo, na kwa idadi ya ndege zilizopo kuijenga hapa hakungelipa. Kuosha, kupima kwa kamera, kuchambua grafu, kubadilisha vihisio na pampu, na kushusha na kupandisha injini nzima ni kazi zinazoweza kufanyika nchini, na nyingi kati yake ndizo zinazoamua injini itaondoka lini.

Ikishaondoka, uamuzi wa mwisho unaobaki ni wa upeo wa kazi. Kurekebisha kile tu kilichoharibika ni rahisi leo, lakini injini inaweza kurudi na sahani iliyobakiza miruko elfu mbili huku turbini mpya ikiweza kufika elfu nane. Itashushwa tena mapema na turbini hiyo itakuwa imelipiwa bure. Kubadilisha kila kitu nako ni kutupa vipande vyenye uhai. Mhandisi hulinganisha miruko iliyobaki katika kila sahani na kasi ambayo akiba ya joto itapungua kwenye njia ambazo injini itarushwa, kisha huchagua vipuri ili vyote vikaribiane ukomo. Katika hesabu hiyo, idadi ya safari za mchana za Songwe ni moja ya tarakimu anazohitaji kupewa kabla hajafungua boliti ya kwanza.